Yah: Maombi ya Kuanzisha Mbio za Ndoo

KWA: Waheshimiwa wote wa jimbo, kata na vijiji, mlio madarakani, mliotoka na mnaonyemelea
KUPITIA: Spika ya gari la matangazo

Tafadhali rejeeni somo tajwa hapo juu.

Sisi huku Makanya, Same, hatujambo, ni vumbi tu. Sitaji jina la mtu katika barua hii, kwa sababu mlikuja wengi: mwenye kiti, anayekitaka kiti, na aliyetumwa na anayekitaka kiti. Tena wote mlikuja na ndoo.

Ndoo ninayoisema mnaikumbuka. Ya plastiki, bluu, lita ishirini, imetobolewa karibu na kitako ikafungwa koki nyeupe. Ubavuni ilibandikwa stika ya mtoaji akitabasamu, barakoa ameishushia kidevuni ili meno yaonekane. Ilikuwa mwaka 2020. Machi 16 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, aliyeshukia KIA, uwanja wa ndege wa mkoa wetu, na kesho yake shule zikafungwa. Redio ikaanza kutufundisha kunawa kwa maji tiririka na sabuni. Maji tiririka, Waheshimiwa, mnaiambia Makanya! Mto tulionao huku chini ni mchanga mtupu mpaka mvua inyeshe milimani, Chome na Suji. Hapo hushuka kwa hasira ya siku moja, ukachukua mahindi ya mtu na daraja la miti, kisha ukaenda zake.

Hata hivyo tulifurahi. Tuliitwa uwanjani saa nne asubuhi, mgeni rasmi akafika saa nane. Siku zile Bunge la bajeti kule Dodoma lilikuwa limepunguza idadi ya wabunge wanaokaa ukumbini kwa wakati mmoja, ili wasibanane. Huku uwanjani mpiga picha alikuwa akitupigia kelele: sogeeni, sogeeni tena, nyie wa nyuma mmekatika! Tukasogea. Tukabanana vizuri kabisa kwa heshima ya kifaa cha kuzuia maambukizi.

Ndoo ile ilishikwa na watu sita kwa pamoja: mgeni rasmi, viongozi wawili wa ngazi ambazo sikuzishika vizuri, mwalimu, mhudumu wa afya, na bibi mmoja aliyechaguliwa kwa sababu kanga yake ilikuwa mpya. Iliinuliwa juu, ikakaa hewani muda mrefu, hakuna mkono uliotetemeka. Ilikuwa tupu. Mtu akakumbuka kwamba ingefaa ijaribiwe, kikaletwa kikatoni cha maji ya chupa kutoka kwenye gari, zikamiminwa chupa nne tano, mgeni rasmi akanawa mpaka viwikoni, tukapiga makofi. Tuliwahi kupigia makofi mambo mengi katika nchi hii, lakini kumpigia makofi mtu mzima kwa kunawa mikono kwa maji aliyokuja nayo mwenyewe ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Kuna jambo dogo ambalo huenda hamkuliona. Pale pale ilipowekwa ndoo palikuwa na kibuyu chirizi: kidumu cha lita tano kimening'inizwa kwa kamba, kijiti cha kukanyaga kwa mguu, kipande cha sabuni kwenye wavu wa vitunguu. Watoto walikitengeneza wenyewe, na hakuna aliyehitaji kugusa koki yoyote. Kiling'olewa asubuhi ile kwa kuwa kingeharibu picha. Hakikurudishwa. Koki ya ndoo ilivunjika kabla shule hazijafunguliwa Juni 29. Stika ipo mpaka leo.

Sasa naingia kwenye ombi langu kuu, na naomba mnisome kwa utulivu, kwa maana nimelifikiria sana.

Mtakumbuka kwamba Machi ile ile ya 2020 Rais Magufuli aliahirisha Mbio za Mwenge, akaagiza fedha zake ziende Wizara ya Afya kupambana na korona. Uamuzi mzuri. Lakini uliacha pengo, na nyie mkaliziba kwa ndoo bila hata kuagizwa. Nilipotazama vizuri niliona kazi ya ndoo ile haikuwa kuweka maji. Kazi yake ilikuwa kukabidhiwa. Basi kwa nini ikabidhiwe mara moja, halafu iachwe kwenye jua ipauke? Naomba zianzishwe rasmi Mbio za Ndoo, zifanyike kila mwaka, na kila mwaka wa uchaguzi zifanyike mara mbili.

Ndoo izinduliwe stesheni ya reli Makanya, saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya gwaride la wanafunzi walioamshwa saa tisa. Ikimbizwe na vijana sita wenye fulana nyeupe na raba mpya, wakiongozwa na Kiongozi wa Mbio, mtu wa sura ya kazi asiyecheka. Iende Hedaru, irudi, ipande Suji, ikatize Tae, ifike Chome na baridi yake, ishuke Mwembe, ipite Bangalala na Vudee, kisha iteremke Ruvu kuwaona wafugaji, ambao nao hawana maji lakini hawajawahi kupata nafasi ya kuipigia picha. Kila mpaka wa kata pawe na hema, viti vya plastiki na makabidhiano. Maneno ya kupokelea nimeshayaandaa, msihangaike: "Naipokea Ndoo ikiwa kavu na inameremeta, koki yake ikiwa imeelekea mbele, wakimbizaji wake wote wakiwa na afya njema."

Kila kijiji kiisomee Ndoo risala ya utii. Ndoo izindue, ikague na iweke mawe ya msingi. Pakiwa na kisima kilichokauka, ikitembelee na kuonyesha kusikitishwa. Pakiwa na bomba lililowahi kutoa maji mwaka fulani, Ndoo isimame hapo dakika moja ya ukimya. Usiku pawe na mkesha wa Ndoo: muziki, mama lishe, vijana wa bodaboda, na wataalamu wa afya kwenye kona moja wakitoa elimu ya kunawa mikono kwa kutumia picha. Kila kaya ichangie gharama za mapokezi, na asiyechanga aandikwe. Msafara usipungue magari kumi. La mwisho lisiwe wazi kwa umma, kwa kuwa ndilo litakalobeba maji ya kunywa ya wageni.

Sharti moja tu naomba liwekwe kwenye mwongozo: Ndoo isijazwe. Lita ishirini ni kilo ishirini, na hakuna mkimbizaji atakayepanda nazo mlima mpaka Suji akabaki na tabasamu. Wapo wanaopanda nazo, kichwani, na mtoto mgongoni, kila siku ya Mungu. Lakini hao hawakuteuliwa na kamati, wala fulana hawana.

Nimekadiria kwamba Mbio hizi zitagharimu zaidi ya kuleta maji, na kwa sababu hiyo naamini zitapitishwa haraka.

Maombi mengine ni madogo, nayataja kwa kupita. Mkija kutushauri tutumie tangawizi, njooni na tangawizi. Inalimwa wilayani mwetu huku juu, Mamba na Myamba, lakini mwaka ule ilipanda bei mpaka ukafikiri imeagizwa kwa ndege. Mkija kutushauri tujifukize, kumbukeni kwamba sufuria ya nyungu nayo hutiwa maji. Na wachimba jasi wa hapa Makanya wanaomba muulizwe kwa nini barakoa za kwanza kugawiwa zilisubiri kirusi kitoke China, wakati vumbi jeupe limekuwa likiwaingia vifuani miaka yote, mchana kweupe, mbele ya kila msafara uliopita barabara kuu ya Arusha.

Kuhusu madarasa ya fedha za korona. Tunashukuru, ni mazuri. Lakini fedha zile, trilioni 1.3 za mkopo wa IMF, zilizinduliwa Dodoma Oktoba 2021 na Rais Samia, zikajenga madarasa elfu kumi na tano nchi nzima. Ni mkopo. Watakaolipa ni watoto wanaokaa ndani ya madarasa hayo. Sasa mtu anaposimama mbele yao akasema "nimewaletea", angalau awe amekuja na chaki.

Na maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu. Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe tumeusikia majukwaani tangu awamu ya nne. Umezinduliwa Machi 2025, katika awamu ya sita. Kila mmoja wenu ananiambia yeye ndiye aliyeupigania. Naomba mkae kikao mkubaliane ni nani, maana kama wote mliupigania kwa nguvu hizo, basi hao mliokuwa mkipigana nao ni kina nani?

Bangalala, hapo juu yetu, ipo ndiva ya Manoo, bwawa dogo la umwagiliaji. Wapare wa zamani walichimba ndiva hizi kwa majembe na mikono. Maji ya kijito hukusanywa usiku, asubuhi hufunguliwa, yakaenda shambani kwa zamu inayojulikana, huyu leo, yule kesho. Nimeitazama ndiva, nimezunguka ukingo wake, sikuona jiwe lenye jina la aliyezindua.

Hapa naomba niseme bila mzunguko.

Ndoo zilikuja 2020 kati ya Aprili na siku ya kupiga kura, Oktoba 28. Takwimu za korona zilikuwa zimekoma Mei, zikiwa wagonjwa 509, na sisi tukaambiwa tumeshinda. Halafu ukaja Januari 2021, ukaja Februari. Mnajua miezi ile ilikuwaje. Turubai la msiba lilikuwa halijakunjwa huku, linaazimwa kule. Watu walikufa kwa "changamoto ya upumuaji", wakazikwa haraka, na waliowazika wakarudi nyumbani wakitafuta maji ya kunawa. Hapo ndipo tulipozihitaji ndoo zenu. Hapo ndipo tungesogea bila kuitwa, tungepiga makofi hata usiku wa manane. Hakuja mtu. Hakuja na ndoo, hakuja na sabuni, hakuja hata na stika. Simu zenu zilikuwa zinaita tu. Uchaguzi ulikuwa umekwisha, na kwenu korona nayo ilikuwa imekwisha pamoja nao. Mlitufanya mandhari ya picha zenu, na picha ilipopatikana mkaondoka na taa. Chanjo ilipoanza Julai 2021 ndipo tukawaona tena, mikono ya mashati imekunjwa, sindano begani, macho kwenye kamera.

Samahani. Nimepandisha sauti, na kwa barua ya kiofisi haipendezi. Narudi kwenye taratibu.

Najua wengine mtasema mlitoa mlichonacho, na kwamba asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hatashukuru. Tunashukuru. Mimi binafsi nilishukuru mbele ya mpiga picha, nikarudia kushukuru kwa sababu mara ya kwanza nilifumba macho. Hatuna ugomvi na ndoo. Ndoo ni chombo cha heshima, tunakitumia kila siku, tuna nyingi kuliko mnavyofikiri, na nyingi zimewahi kulala nje usiku kucha kwenye foleni ya kisimani zikituwekea nafasi. Tunachoomba ni kwamba tusifanywe tena foleni ya kuzipokea.

Natambua pia kwamba Mbio za Ndoo zitahitaji bajeti, kamati, posho za kamati, semina ya kuijengea kamati uwezo na ziara ya mafunzo Zanzibar. Sina haraka. Wakati mchakato unaendelea, lipo ombi moja la mpito ambalo halihitaji kikao.

Koki. Ile ya ndoo bluu ilivunjika, nimeshasema. Maduka ya vifaa hapo Same mjini yanazo. Waulizeni watu wa ofisi zenu, watawaambia bei, haifiki hata posho ya chai. Anayetaka atununulie moja, aifunge kwenye gazeti, aandike juu "Makanya", ampe kondakta wa basi lolote linaloshuka kuelekea Korogwe. Mabasi yanasimama hapa barabarani, mizigo tunapokea kila siku. Asije yeye, asitume mwakilishi, asitume mpiga picha. Gazeti likiwa na sura yake, alikunje kwa ndani. Nitakuwepo kituoni, nitaipokea kwa kondakta, nitalipa nauli ya mzigo mwenyewe, na hakuna atakayepiga makofi.

Wenu mtiifu,
Mwananchi aliyekatika kwenye picha, mstari wa nyuma, kushoto
Makanya, Same

Nakala: Kondakta