Mamba Kifuani

Nguo ya bei kubwa ina kazi nyingi mjini, na nyingi kati ya hizo huzifanya vizuri: humpitisha mtu kwenye lango la hoteli bila mlinzi kumuuliza anakwenda kwa nani, humpandishia bei ya nyanya sokoni kabla hajafungua mdomo, na huwahakikishia ndugu waliobaki kijijini kwamba ombi lao la ada ya shule limefika mahali pake. Kazi moja ambayo haijathibitika kwamba inaiweza ni ileile iliyoahidiwa dukani wakati inauzwa, yaani kumfanya mvaaji apendeze. Suala hili linastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu wanaoumia nalo zaidi ni watu wa tabaka la kati, ambao kwa matumizi ya insha hii ni wale wakazi wa Dar es Salaam, Nairobi na miji ya aina hiyo ambao si matajiri, maana bado huuliza bei, wala si maskini, maana wakishaiuliza huona haya kuondoka bila kununua.

Mwanauchumi wa Marekani Thorstein Veblen, katika kitabu chake The Theory of the Leisure Class cha mwaka 1899, alichambua matumizi ya kujionyesha, yaani tabia ya kununua kitu si kwa ajili ya kukitumia tu bali pia ili watazamaji wajue kwamba mnunuzi amekimudu. Mfano wake maarufu ni wa vijiko: kijiko cha fedha kilichofuliwa kwa mkono huonekana kizuri kuliko cha mashine, lakini mtu akigundua kwamba kile alichokisifia ni cha kuigiza, uzuri wake humtoka machoni palepale, ingawa kijiko chenyewe hakijabadilika hata chembe. Kwa maoni ya Veblen, jicho likishaizoea bei huanza kuiona kama uzuri, na mwenye jicho hajui kwamba kuna lililobadilika.

Jaribio hilo la vijiko hurudiwa kila siku Dar es Salaam kwa kutumia mashati. Shati likichomolewa katika robota la mitumba pale Karume na kumwagwa juu ya turubai pamoja na wenzake, mteja hulishika kwa vidole viwili na kusema limepauka. Shati jingine la robota hilohilo likipelekwa kwa dobi, likapigwa pasi, likanyunyiziwa manukato na kutundikwa katika duka lenye kiyoyozi na muuzaji asiyetabasamu, mteja yuleyule hutamka kwamba rangi yake imetulia. Muuzaji asiyetabasamu ni sehemu muhimu ya jaribio, kwa kuwa heshima ya mteja kwa nguo huongezeka kadiri anavyopuuzwa na anayeiuza.

Vazi linalofaa kuchunguzwa kwa karibu zaidi ni fulana ya kola, ambayo Tanzania wengi huiita fomu siksi. Mwaka 1933 mchezaji tenisi wa Ufaransa René Lacoste, aliyekuwa akifahamika kwa jina la utani la Mamba, alishirikiana na mtengenezaji wa nguo André Gillier kuuza fulana ya aina hiyo ikiwa na mamba mdogo aliyetariziwa kifuani. Lebo, ambayo kwa desturi ilikaa ndani ya shingo ikimkera mvaaji peke yake, ikatoka nje. Wahenga walikwisha kusema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hawakumtarajia mamba huyu, ambaye hutembezwa na mtu aliyelipa kwanza ili apewe ruhusa ya kumtembeza.

Kitambaa cha fulana hiyo kilikusudiwa kumpa nafasi mtu anayeukimbilia mpira uwanjani. Leo huvaliwa zaidi na meneja ambaye mbio zake za mwisho zilikuwa za kuwahi kufunga hesabu za mwaka, na ambaye kitambi chake humfanya mamba apande mlima kila anapovuta pumzi na kuuteremka kila anapoitoa. Hata hivyo meneja huyo huamini kwamba amependeza, na si yeye peke yake anayeamini, kwa sababu wenzake wote mezani wamevaa wanyama wao, mmoja mamba, mwingine farasi, na hakuna awezaye kumcheka mwenzake bila kujicheka. Kuna pia tatizo la uhalisi. Katika msafara wa mamba na kenge wamo, na fulana za kuigiza zinazouzwa Kariakoo zimeleta mamba wenye miguu pungufu, mamba waliovimba shingo, na wengine ambao mtaalamu wa wanyama angewaweka bila wasiwasi katika jamii ya mijusi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba kwa hatua tatu tu za umbali kenge na mamba humpendezesha mvaaji kwa kiwango kilekile, na tofauti yao huonekana tu kwa mtu aliyesogea karibu kwa nia mbaya.

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Uholanzi, Rob Nelissen na Marijn Meijers wa Chuo Kikuu cha Tilburg, walichapisha matokeo ya majaribio yanayoligusa suala hili moja kwa moja. Watu walionyeshwa picha ya mtu yuleyule, mwenye fulana ileile ya kola, tofauti ikiwa ni nembo ya kifuani tu, iliyobadilishwa kwa kompyuta. Walioona nembo ya kifahari walimkadiria kuwa mwenye hadhi na fedha zaidi, lakini hawakumwona mzuri zaidi, wala mwema zaidi, wala wa kuaminika zaidi. Katika jaribio jingine, mwanamke aliyewaomba watu kwenye eneo la maduka wamjibie maswali alikubaliwa na asilimia 52 alipovaa sweta yenye nembo inayojulikana, na asilimia 13 pekee alipovaa isiyo na nembo. Kwa hiyo nembo hufanya kazi, tena kazi ya kutisha, isipokuwa ile ya urembo.

Ikiwa ndivyo, inabidi kuuliza tabaka la kati hununua nini linaponunua nguo ghali. Mwanasosholojia wa Ufaransa Pierre Bourdieu, katika La Distinction ya mwaka 1979, aliwaeleza watu wa tabaka hili kuwa ni wenye wasiwasi wa kudumu wa kupangwa mahali pasipo pao, na wasiwasi huo unatosha kueleza mengi. Tajiri anaweza kuvaa kandambili kwenye mkutano na zikaitwa unyenyekevu. Kijana wa mtaani anaweza kuvaa suruali ya rangi ya embe bivu na ikaitwa ubunifu. Lakini mhasibu mwenye mkopo wa nyumba hana ruhusa ya kukosea, na kwa hiyo hununua suruali ya kaki, moka za kahawia na shati la buluu iliyofifia, si kwa sababu vitu hivyo vinampendeza bali kwa sababu havijawahi kumletea mtu yeyote aibu. Nguo yake ghali ni bima. Bima nzuri haisifiwi kwa urembo wake, na hakuna anayegeuka barabarani kuitazama.

Tatizo ni kwamba bima hiyo ina masharti madogo ambayo muuzaji hakuyasoma kwa sauti. Suti ya sufu laini ni mfano bora. Namba kama Super 120 inayoandikwa kwenye lebo yake huonyesha jinsi nyuzi za sufu zilivyo nyembamba, na mnunuzi anayeamini kwamba namba kubwa ni uimara mkubwa hushangaa kugundua kwamba kadiri nyuzi zinavyokuwa nyembamba ndivyo kitambaa kinavyokuwa dhaifu na chepesi kukunjamana. Suti hiyo ikivaliwa Dar es Salaam mwezi wa Februari, joto likiwa limepita nyuzi 30, mgongo wa mvaaji huchora ramani ya jasho kabla ibada ya ndoa haijafika kwenye viapo. Dobi, kwa nia njema kabisa, huipiga pasi ya moto bila kuitandazia kitambaa juu, na kuanzia siku hiyo viwiko na mapaja hung'aa kama kiatu kilichopakwa rangi, jambo ambalo mwenye suti hulitafsiri kuwa ni ubora unaojitokeza.

Yapo pia masharti ya ushonaji. Lebo inayoshikizwa kwenye mkono wa koti kwa nyuzi chache huwekwa ili muuzaji aibandue, lakini aliyelipa mshahara wa mwezi mzima haoni sababu ya kubandua sehemu pekee ya suti inayotaja kwamba alilipa. Ndiyo maana kila anaponyoosha mkono kupokea kipaza sauti ukumbi mzima hujulishwa kwamba ni sufu tupu. Mshono wa msalaba unaofunga mpasuo wa nyuma, ambao ni wa muda na ulikusudiwa kulinda umbo la koti safarini, huachwa vilevile hadi mvaaji anapoketi kwa kishindo na kuukata mwenyewe, kwa sauti inayosikika mpaka meza kuu. Mifuko nayo huja imefungwa kwa uzi, na wapo wanaume wazima waliokaa miaka mingi na koti wakidhani mifuko yake ni pambo, huku wakishika hotuba zao mkononi kama watoto wa mahafali.

Wala tabaka hili haliachiwi nafasi ya kutafuta nafuu. Suti ya Kaunda, koti la mikono mifupi au mirefu lisilohitaji tai na lililopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia, inaifaa hali ya hewa ya Afrika na ina mistari safi inayompendeza mwenye tumbo na asiye nalo. Lakini mwezi wa Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku vazi hilo bungeni, wakati ambapo Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akilivaa kwa furaha. Wabunge walirudi kwenye tai.

Si haki kudai kwamba gharama haina undugu wowote na uzuri. Kofia ya vito ya Unguja au Lamu, inayotariziwa kwa mkono tundu kwa tundu kwa muda unaoweza kufika miezi, ni ghali na ni nzuri, na mtu asiyejua bei yake huiona kazi iliyomo kwa kuitazama tu. Bei yake imelipia vidole. Watu wa pwani walijua zamani uzito wa mambo haya: Unguja kabla ya amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa, vazi la watumwa wengi lilikuwa merikani, yaani kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichoagizwa kutoka Marekani, au kaniki iliyotiwa rangi nyeusi ya nili, na baada ya hapo wanawake waliopata uhuru walizikimbilia kanga zenye rangi na maua kwa bidii ambayo hakuna mwenye akili angeiita majivuno. Kanga hizo zilisema jambo kubwa, na zilipendeza pia. Fulana ya mamba husema jambo dogo, tena kwa sauti ya kuazima.

Kitani, kitambaa chenye makunyanzi ya asili, kinahitaji neno moja tu: kwa aliyeshuka kwenye gari lake makunyanzi hayo ni ishara ya mapumziko, na kwa aliyeshuka kwenye daladala ya Gongo la Mboto ni ushahidi wa safari. Jinzi iliyochanwa magotini kiwandani na kuuzwa ghali kwa sababu hiyo nayo ina hatari yake, kwani ikifika kwa bibi kule Tukuyu wakati wa likizo hurudi na viraka vilivyoshonwa kwa uzi imara, pamoja na fedha kidogo za kumsaidia mjukuu kununua nyingine.

Lakini hakuna mahali ambapo gharama na uzuri hugombana wazi kama kwenye sare, yaani kitambaa kimoja kinachochaguliwa na kamati ili wageni wa sendofu, kicheni pati au harusi wakivae pamoja. Rangi huamuliwa na mwenyekiti, na kwa bahati ambayo haijawahi kuelezwa huwa ni ile inayomfaa mwenyekiti. Wanawake arobaini wa miili arobaini hununua kitambaa hicho kwa bei ambayo duka la jirani halikuiona, kisha kila mmoja humpelekea fundi picha ya mshono kutoka kwenye simu, akionyesha mwanamitindo mwembamba wa Lagos aliyesimama kwa kubana pumzi. Fundi huitazama picha, humtazama mteja, hurudia kuitazama picha, na husema neno la kishujaa zaidi katika taaluma yake, kwamba inawezekana. Gauni lililoahidiwa Jumatano hutoka Jumamosi alasiri likiwa bado na moto wa pasi, zipu ikigoma katikati ya mgongo, na shangazi mmoja hupewa jukumu la pini. Ukumbini, kwa mbali, kundi zima hupendeza kama bustani. Kwa karibu, kila mmoja anapumua kwa mahesabu.

Sare hiyo haivaliki tena, kwa kuwa kila anayeiona hujua ni ya harusi ya nani na huanza kuuliza hali ya ndoa yenyewe. Hatima yake ya kawaida ni kurudi kwa fundi yuleyule, ambaye hulikata gauni na kumshonea binti wa mwenye gauni kijigauni cha sikukuu, akimpima kwa macho tu wakati mtoto anarukaruka mlangoni. Kijigauni hicho hukaa mwilini vizuri kiasi kwamba majirani huuliza kimenunuliwa wapi, na mama yake, akiwa mtu wa tabaka la kati, hutaja duka.