Gari Linapogoma Kuwaka Ruziba

Gari likigoma kuwaka, kazi ya kwanza ni kusikiliza. Ruziba, mtaa wa kusini mwa Bujumbura kwenye barabara ya Rumonge, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu boneti ikifunguliwa tu watu hukusanyika, na kila mmoja ana jibu lake. Mwenye baiskeli aliyebeba ndizi husema ni bujii, yaani plagi. Jirani ambaye hajawahi kumiliki hata toroli husema ni kompyuta ya gari. Mtoto anayekwenda shule huuliza kama mafuta yamo, huyo asipuuzwe.

Wakishanyamaza, ufunguo uzungushwe mara moja. Taa za dashibodi zikififia na kukasikika tik-tik-tik ya haraka, betri imechoka. Kukiwa kimya na taa haziwaki, betri imekufa au waya umeachia. Taa ziking'aa vizuri halafu ikasikika “tak” moja basi, mshukiwa ni stata. Stata ikizunguka kwa nguvu na injini isishike, kinachokosekana ni mafuta au cheche.

Betri ndiyo hushitakiwa zaidi, na mara nyingi kwa haki. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6 kwenye mita gari likiwa limezimwa, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Kabla ya kuihukumu, vichwa vyake vitazamwe. Unga mweupe wenye ukijani huota pale kama ukungu wa mkate na kuziba njia ya umeme, mwenye gari akadhani anahitaji betri mpya, kumbe anahitaji maji ya moto yenye magadi soda na mswaki mzee. Waya wa hasi hutangulia kufunguliwa na huwa wa mwisho kufungwa. Anayekwenda kinyume, spana yake ikigusa bodi, ataona cheche ambazo hakuziomba.

Joto la kando ya Ziwa Tanganyika hufupisha maisha ya betri, lakini uhaba wa mafuta ulioiandama Burundi katika miaka hii ya 2020 umeleta namna mpya za kuliua gari. Gari lisilo na tone hukaa uani siku nyingi, na saa yake na alamu yake zinanyonya umeme usiku na mchana. Siku tetesi za lori la mafuta zinapofika, gari huenda kwenye foleni: huwashwa, husogea urefu wa gari moja, huzimwa, huwashwa tena. Kila kuwasha kunachota umeme mwingi, na alternata haipati muda wa kuurudisha. Ndiyo maana madereva wenye akili hushuka na kusogeza gari kwa mikono. Mpita njia huona umaskini, ni ufundi.

Tangi lenyewe likiwa tupu kila wiki, pampu iliyo ndani yake huumia, kwa kuwa petroli ndiyo huipoza. Ile ya kwenye madumu nayo huja na mambo yake. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hutuama chini kabisa, palepale pampu inaponyonyea.

Kuichunguza pampu ni rahisi. Ufunguo ukifika hatua ya kabla ya kuwasha, mtu aliyetega sikio kiti cha nyuma husikia mvumo wa sekunde kama mbili. Pasipo mvumo, fyuzi iangaliwe kabla ya kununua pampu. Mvumo ukiwepo, plagi ifunguliwe: ikitoka imelowa na inanuka petroli, cheche ndiyo haba, ikitoka kavu, mafuta hayafiki. Gari la dizeli lililoishiwa mafuta lina ukaidi wake wa peke yake: hewa imeingia kwenye mipira, na ni lazima kuikamua kwa pampu ya mkono iliyo kwenye filta mpaka pampu hiyo iwe ngumu.

Stata inayotoa “tak” moja mara nyingi imeisha kaboni zake. Mtu mmoja akishika ufunguo na mwingine akaigonga taratibu kwa mpini wa spana, huzunguka. Balaa ni kwamba inazunguka kweli. Mwenye gari hutembea miezi na spana chini ya kiti, badala ya kwenda mtaa wa Buyenzi, ambako fundi angembadilishia kaboni huku yeye akinywa chai.

Kuna pia kusukuma. Mkaazi wa Kiriri, mtaa wa mlimani, huegesha gari likitazama mteremko, akaachia breki asubuhi bila kumsumbua mtu. Sehemu kubwa ya Ruziba iko kwenye tambarare ya ziwa, kwa hiyo mteremko wake ni vijana. Gia ya pili huwekwa, klachi hukanyagwa, na gari likishika mwendo klachi huachiwa ghafla. Gari la otomatiki haliwaki hivyo, kwa kuwa pampu ya mafuta ya gia zake huendeshwa na injini ambayo imelala. Vijana waambiwe hili kabla ya kusukuma, si baada. Na wasinung'unike sana. Kabla mhandisi Charles Kettering hajaipatia Cadillac stata ya umeme katika magari yake ya 1912, injini zilizungushwa kwa mpini wa chuma ambao, zikirudi nyuma, ulivunja mikono ya watu.

Injini ikishika, isizimwe kwa furaha. Mita irudishwe kwenye betri: inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na ushee injini ikiwa inanguruma, betri ilisingiziwa, alternata haichaji, na betri mpya itakayonunuliwa leo itakufa vilevile. Pa kuanzia ni mkanda wa alternata, ambao ukilegea hupiga mayowe kila asubuhi na hubadilishwa kwa bei ndogo kuliko vingi vilivyotajwa hapo juu, ukiondoa magadi na fyuzi.