Ngeli za Maua ya Uani: Uainishaji Mpya wa Mimea ya Rangi Katika Baridi ya Tukuyu

Kila utafiti unaojiheshimu huanza na fasili, na huu wetu unakwama papo hapo mlangoni. Kwa Kiswahili cha Tukuyu, kama cha Tanzania nzima, mmea wowote uliopandwa ili utazamwe tu huitwa ua, hata kama tangu upandwe haujawahi kuchanua. Mwulize mwenye nyumba, "Mbona maua yako hayana maua?" uone atakavyokutazama. Tena ua hilo huota ndani ya ua wa nyumba, na neno hilohilo ukilitoa kama amri, unashawishi kosa la jinai. Kwa hiyo sentensi "Ua la uani limeuawa" haina kasoro kisarufi. Kwangu haina kasoro kihistoria pia, maana ndilo lililonikuta Julai.

Mahali pa utafiti ni Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Umekaa mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, ukiutazama Mlima Rungwe wenye mita zinazokaribia 3,000. Mvua ya mwaka huvuka milimita 2,000 na udongo ni wa volkano. Chomeka fimbo leo, mwakani utaomba kivuli chake. Ukishuka Kyela, kandokando ya Ziwa Nyasa, uko kwenye mita 500 hivi na unavua sweta kabla daladala haijasimama.

Tatizo ni Juni hadi Agosti. Baridi ya Tukuyu haina theluji ya kumwonyesha mgeni. Ni baridi ya manyunyu na ukungu, inayoingia ndani na kukaa kama shemeji aliyesema amepita kusalimia tu. Kopo la mafuta ya nazi lililotoka Dar es Salaam likiwa maji, hapa linageuka jiwe. Unayachokoa kwa mpini wa kijiko. Msomaji aliweke kopo hilo karibu, tutalihitaji.

Wataalamu wa mimea wana mfumo wao wa uainishaji, uliokua kutokana na kitabu alichochapisha mwanamimea Linnaeus mwaka 1753: faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Walimu wa Kiswahili nao wana ngeli zao: A-WA, KI-VI, PA-KU-MU na nyinginezo. Makundi haya mawili yametumia neno moja kwa miaka mingi bila kuulizana hali. Makala haya yanaziba pengo hilo. Nadharia tete yangu ni kwamba ukitaka kujua mmea utaivuka Julai au hautaivuka, usiuchunguze mizizi. Sikiliza mwenye nao anautaja kwa ngeli gani. Mbinu iliyotumika ni kupita nyuani kwa watu asubuhi nikisingizia kuomba chumvi. Sampuli ni majirani wote wasiofuga mbwa.

Ngeli ya A-WA ina mwanachama mmoja mashuhuri, naye ni krotoni. Ana majani ya manjano, mekundu, machungwa na ya kijani, yote kwenye shina moja, kama kitenge kilichochapwa na fundi mwenye wino wa kumwaga. Asili yake ni nchi za joto za kusini-mashariki mwa Asia na visiwa vya Pasifiki, na Dar es Salaam hustawi mpaka akawa uzio. Wa kwangu nilimnunua huko kando ya barabara. Muuzaji aliniapia kwamba "huyu hana shida na baridi." Mimi, kwa akili zangu timamu, nikaamini kauli ya mtu aliyekuwa akifuta jasho. Nikampakata ndani ya basi mpaka Tukuyu.

Dalili za A-WA zilijitokeza mapema. "Ameamkaje?" tukaulizana nyumbani. "Amekunywa maji?" Juni ilipoingia alifunikwa kanga usiku. Ukungu ulipozidi akahamishiwa sebuleni, akawekwa kwenye kona ambayo mtoto wa shule alikuwa akifanyia hesabu. Huko akaanza kugeuka kijani, kwa sababu krotoni hutengeneza rangi zake kwa mwanga mwingi na sebule zetu hazina mwanga wa kugawa. Tukamrudisha nje apate jua. Usiku huo akapigwa na baridi, na wiki haikuisha kabla hajamwaga majani yote sakafuni mwa baraza, jani moja baada ya jingine, kwa kishindo kidogo cha karatasi ngumu.

Sasa turudi kwenye kopo. Kila seli ya jani imezungushiwa utando wenye mafuta, na kupitia utando huo ndipo maji na chumvi huingia na kutoka kwa utaratibu. Mmea wa nchi ya joto una mafuta ya aina inayokakamaa mapema. Nyuzi za Selsiasi zikishuka kuelekea 10 na chini yake, utando hupoteza ulaini, mlango unakwama nusu wazi, na yaliyomo yanavuja. Mimea ya nchi za baridi ina mafuta yanayobaki laini, kama ya alizeti. Kwa ufupi, marehemu alikuwa mafuta ya nazi.

Ngeli ya pili ni KI-VI, ngeli ya vipande, vijiti na vikopo, ambayo sarufi huitumia pia kudunisha. Hapa yumo koleusi, au tuseme kimo, chenye majani ya damu ya mzee na kingo za kijani kama zimekatwa kwa mkasi wa fundi cherehani. Wasomi hawajawahi kutulia naye. Linnaeus alimweka kwenye jenasi ya mrehani. Waliofuata wakamhamishia Plectranthus, wengine Coleus, wengine Solenostemon, na mwaka 2019 akarudishwa Coleus. Bibi jirani yangu, ambaye uzio wake mzima ni wa mmea huo, hajui jina lake hata moja. Anaviita "hivyo vyekundu".

Nilimkuta asubuhi moja ya manyunyu, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Chumvi tena?"

Nikamwuliza anavikingaje na baridi. Hakuelewa swali. Alivunja kitawi cha urefu wa kiganja chini kidogo ya kifundo, akapukuchua majani ya chini kwa kidole gumba, akakichomeka kwenye kopo la rangi lililotobolewa kitako, akabonyeza udongo mara mbili. Muda wote alikuwa akinieleza habari nyingine kabisa, ya mbuzi wa mtu. "Cha huko kikifa, cha hapa kipo," akasema alipomaliza, na hiyo ndiyo nadharia nzima.

Nimeikagua, inasimama. Koleusi naye ni mtoto wa joto. Kilichokaa wazi huungua ncha na kusinyaa. Ila kila kifundo cha shina kiko tayari kutoa mizizi, hata ndani ya glasi ya maji, kwa wiki moja au mbili. Hivyo hakiivuki baridi kwa ushujaa, kinaivuka kwa wingi: kimoja chini ya mchirizi wa bati, kingine nyuma ya jiko, cha tatu kwa mkwe. Ulaya jalidi huviua vyote kwa usiku mmoja, ndiyo maana vitabu vya huko huviandika kama maua ya msimu. Mmea uleule, ukipewa anwani ya Tukuyu, unakuwa wa kudumu. Kuna na hili: jua la mchana likikutana na baridi ya usiku, sukari hurundikana kwenye jani, na mimea mingi ya aina hii huitumia kuongeza rangi nyekundu inayolikinga jani na mwanga uliozidi. Ndiyo maana baadhi ya nyua huwaka zaidi Julai kuliko Januari, wakati wenye nyumba wamejikunyata ndani.

Ngeli ya U-I, yaani M-MI, ni ya mmea wenye hadhi ya mti. Mfano wake ni msale, ambao Wachaga wa Kilimanjaro huutumia kuweka mipaka na kuombea msamaha. Wangu uko mpakani, wa aina yenye mstari wa manjano katikati ya jani. Haujawahi kufunikwa wala kuulizwa umeamkaje. Ni wa Afrika, milimani ni kwao, na kazi yake ni kushuhudia nani amesogeza jembe. Huko Ulaya, nasikitika kuripoti, msale huwekwa sebuleni kwenye chungu cha thamani na kufutwa vumbi jani kwa jani. Yaani umevuka bahari ukaingia A-WA.

PA-KU-MU ni ngeli ya mahali, na mimea yake wakati wa baridi hubaki kuwa mahali tu. Kaladiamu hupoteza majani yote na kulala chini kama kiazi, ukiuliza unaonyeshwa udongo mtupu, "Pale pana kitu." Mabingwa wa ngeli hii hawako mjini. Panda kwa barabara ya Isyonje hadi uwanda wa Kitulo, mita 2,600 hivi, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako jalidi huanguka kwelikweli. Okidi za huko huacha majani yaende na kujifungia ndani ya viazi vyao hadi mvua irudi. Mbinu safi, isipokuwa kwa jambo moja: ng'ambo ya mpaka, Zambia, viazi hivyo hupikwa kuwa chakula kiitwacho chikanda, na wachimbaji waliwafuata mafichoni kwa magunia. Hakuna mtaala wa kujikinga na baridi uliowaandaa kwa hilo.

I-ZI itatuchukua sentensi chache. Chai ni jani la kudumu, imefunika vilima vya Katumba, na Julai huzubaa tu, ikatoa machipukizi machache. Ni ua linalolipwa kwa kilo. Wakenya waliachia mwaka 2011 aina yenye majani ya zambarau, TRFK 306/1, kwa hiyo hata kwa rangi sasa ina hoja.

Nirudi uani kwangu. Chungu cha marehemu kilibaki barazani, kikubwa, cha bei, kitupu. Bibi alipita kudai chumvi yake, akakitazama, akavunja kitawi kwenye fungu alilokuwa akimpelekea mtu mwingine, akakichomeka katikati bila kuinama sana.

"Ndaga, bibi," nikamshukuru. "Nikifunike usiku?"

"Kiache."

Nilikiacha. Siku ya kumi na mbili nilitoka na kikombe cha chai mkononi, nikaona ncha mbili nyekundu, ndogo kama kucha za mtoto, nikaita ndani kwa sauti, "Jamani, amechipua!" Kisha nikaangalia huku na huku, nikakisogelea chungu, nikasema taratibu: "Kimechipua. Nimesema kimechipua."