Njooni Keroka na Makasia

Wanaokwenda Lamu kupanda jahazi wanapoteza nauli bure. Wikendi hii, mvua ya alasiri ikishapiga, njooni Keroka. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na bahari kwa adabu zake imeamua kupanda yenyewe. Kisumu wana ziwa moja tu, tena lenye magugu maji. Sisi tuna maziwa yetu kando ya soko, na gugu hata moja hulioni. Mwenye boda boda hunyanyua miguu hadi karibu na usukani, mama aliyepakiwa hukumbatia mkungu wake wa ndizi, na injini huzimikia palepale penye kina. Burudani ya namna hiyo watalii huilipia dola.

Tena ni maji ya amani. Tangu ugatuzi wa 2013, kaunti za Kisii na Nyamira zimevutana kuhusu nani atoze ushuru wa Keroka, ila madimbwi haya sijasikia upande wowote ukiyadai. Uungwana ulioje!

Nahodha mgeni, usisahau chenji: ada ya maegesho italipwa, hata kwa mtumbwi.