Sifa za Mkaidi wa Chumba cha Seva

Waswahili hatuna choyo cha sifa. Tumesifia minazi, majahazi, pilau, mpaka wagombea ubunge ambao wenyewe walikuwa wakizisikia sifa hizo kwa mara ya kwanza. Lakini kanda ya sumaku, ile inayotunza bakapu za ofisi, haijapata hata ubeti mmoja. Ukiitaja mbele ya vijana waliomaliza chuo juzi, wanadhani unazungumzia kaseti za taarab tulizokuwa tukizirudisha nyuma kwa kalamu. Ukiitaja mbele ya mhasibu, anauliza kama bado inatengenezwa. Ukiitaja mbele ya mtu anayeuza huduma za wingu, anakupa pole kama uliyefiwa. Basi mimi, msimamizi wa seva kwa kazi na mbishi kwa tabia, naomba nafasi niisifu. Haina hata moja ya sifa ambazo watu hutafuta kwenye mashine, na ndiyo maana nalala usingizi.

Sifa huanza na nasaba. Kanda ni Mjerumani wa kuzaliwa: mwaka 1928 Fritz Pfleumer alipaka unga wa chuma kwenye utepe wa karatasi ili anase sauti. Kazi ya ofisi iliianza mapema miaka ya 1950, na mwaka 1952 IBM ilitangaza mashine yake ya 726, ambayo gurudumu lake zima lilibeba takribani megabaiti 2. Picha moja ya harusi iliyopigwa kwa simu ya leo isingeenea. Ukoo unaotawala sasa unaitwa LTO. Kaseti yake ya kwanza, ya mwaka 2000, ilichukua gigabaiti 100, na LTO-9 ya mwaka 2021 inachukua terabaiti 18. Katikati hapo kanda imezikwa mara nyingi, kwanza na diski, kisha CD, kisha flashi, kisha wingu, na kila mara imehudhuria arobaini yake yenyewe.

Tuje kwenye umbo. Kaseti ya LTO inakaa kiganjani: mraba wa sentimita kama 10, unene wa 2, uzito wa gramu 200 hivi. Ndani mna gurudumu moja tu; la pili liko kwenye mashine. Ukiitumbukiza, mashine inanasa kipini kidogo cha chuma kilicho kwenye ncha ya utepe, inauvuta, na unasikia mlio wa kulalamika ambao huwezi kuuchanganya na mwingine. Utepe wa LTO-8 una urefu wa mita 960 na upana wa milimita 12.65. Vichwa 32 vinaandika kwa pamoja kwenye njia 6,656, kwa hiyo mpaka kaseti ijae utepe umepita kutoka ncha moja hadi nyingine mara 208. Hakuna karani wa serikali anayetumwa hivyo bila kudai posho.

Halafu kuna kiswichi. Pembeni mwa kaseti mna kipande cha plastiki kisichozidi ukubwa wa punje ya mchele. Ukikisogeza kwa ukucha, mashine inakataa kuandika. Hakina nywila wala hakijui kama wewe ni msimamizi mkuu, mkurugenzi au mfagizi. Huwezi kukisogeza ukiwa Nairobi wakati kaseti iko Kariakoo. Nimeona mifumo ya usalama yenye leseni za mamilioni ambayo haifikii hadhi ya punje hiyo.

Hapo ndipo penye siri yake. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakuwahi kuingia chumba cha seva. Mle wanaovunjika guu ni wasikivu. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab aliyekuwa amehangaika kwa saa nyingi na kanzidata iliyogoma alitaka kufuta folda kwenye seva ya akiba. Dirisha lililokuwa mbele yake lilikuwa la seva kuu. Seva haikuuliza kitu. Alipogundua na kuikatiza amri, sekunde moja au mbili baadaye, kati ya gigabaiti kama 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Wakakimbilia bakapu. Njia za kujikinga walikuwa nazo tano, na usiku ule hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Programu ya kutoa nakala ilikuwa ya toleo la zamani kuliko kanzidata yenyewe, hivyo ilikuwa ikishindwa kimyakimya. Barua pepe za kutoa taarifa kwamba imeshindwa nazo zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala iliyopigwa kwa mkono saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Kampuni ya Code Spaces haikupata bahati hiyo. Juni 2014 mtu aliingia kwenye paneli yao ya kuendeshea huduma kule Amazon, akadai fedha, na walipojaribu kumfungia mlango akaanza kufuta. Mashine zilifutika, diski zilifutika, na bakapu nazo zikafutika, kwa sababu zote zilikuwa zikimtii mwenye funguo, na mwenye funguo usiku ule alikuwa yeye. Biashara ikafungwa. Mwezi Mei 2024 zamu ilikuwa ya UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya nusu milioni. Safari hii hakukuwa na mwizi. Kwenye mipangilio ya huduma yao ndani ya Google Cloud kulikuwa na sehemu moja iliyoachwa wazi, muda ukaisha, mfumo ukatii, na mazingira yao ya seva yakafutwa. Waliinuka kwa sababu walikuwa na nakala zilizokaa nje ya mazingira hayo.

Mnaona sasa? Hatari kubwa ya data si diski mbovu. Ni mtu mwenye ruhusa zote, yaani mimi, au aliyeiba ruhusa zangu, au programu niliyoipa ruhusa zangu. Dhidi ya mtu kama huyo unahitaji kitu kisichosikia. Google wenyewe wanalijua hilo. Februari 2011 programu mpya ya hifadhi yao ilikuwa na kasoro, na watumiaji wachache wa Gmail wakafungua visanduku vyao wakakuta vitupu. Nakala zilikuwepo vituo kadhaa, na kasoro ikavifikia. Barua zilirudishwa kutoka kwenye kanda, ambazo kasoro haikuzifikia kwa kuwa zilikuwa rafuni, hazijaunganishwa na chochote. Fikiria: matajiri wa wingu, siku ya shida, walikwenda kupiga hodi kwa bibi kizee.

Watasema data ya siku hizi ni kubwa mno kwa kanda. Septemba 2025 moto wa betri za lithiamu uliwaka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Ndani yake mlikuwa na hifadhi iitwayo G-Drive, mahali ambapo watumishi wa umma walielekezwa kuweka nyaraka zao za kazi. Terabaiti 858 ziliteketea, na bakapu haikuwepo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Nimechukua kalamu. Terabaiti 858 ukizigawa kwa 18 unapata kaseti 48. Kilo 10 hivi, kwenye mkoba wa safari, kiti cha nyuma cha bodaboda.

Lakini ni polepole! Hili nalipokea kwa heshima zote. Ukitaka faili moja lililo katikati ya utepe, unaweza kusubiri dakika nzima kabla ya kuona baiti ya kwanza, nami huutumia muda huo kumweleza maisha aliyefuta faili hilo. Ila kwa mzigo mzima, hesabu inageuka. Terabaiti 12 kupitia laini ya megabiti 100 kwa sekunde, laini ikiwa yako peke yako na hakuna hata mmoja ofisini anayetazama mpira, zinachukua siku 11. Kanda ya LTO-8 inazisoma kwa saa 9 na robo. Na laini haiwi nzima kila siku. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala watu wakawa wanatazama duara likizunguka kwenye simu. Kanda ilikuwa palepale kabatini, haina habari.

Na wingu nalo limejifunza polepole hiyo. Amazon wanauza hifadhi iitwayo Glacier Deep Archive, kama dola 1 kwa terabaiti kwa mwezi. Ukihitaji mzigo wako unasubiri hadi saa 12, au 48 ukichagua njia nafuu. Wameuchukua uvivu wa kanda, wakaupa jina la barafu, wakauza kwa mwezi. Kuingiza ni bure au karibu na bure. Kutoa kwenda nje kwa intaneti ni karibu dola 90 kwa terabaiti. Mapema 2024 Google, kisha Amazon na Microsoft, walitangaza kwamba mteja anayehama moja kwa moja hatatozwa ada ya kutoa data. Anayebaki lakini anataka nakala yake akaiweke nyumbani, huyo analipa. Ni kama mume anayemwambia mkewe: ukiondoka kwa talaka nauli juu yangu, ukitaka kwenda kuwasalimia wazazi jitegemee.

Sasa msidhani mpenzi wangu hana bwana. LTO ilizaliwa kwa uasi: Hewlett-Packard, IBM na Seagate waliungana ili watu wasiwe mateka wa kanda za DLT zilizokuwa mikononi mwa Quantum. Leo Quantum ni mmoja wa wenye LTO, Seagate hayumo, na mtambo ulio ndani ya mashine mpya za kusomea unatoka IBM, hata kama boksi lina nembo ya mwingine. Kaseti zenyewe zinatoka Fujifilm na Sony. Mwaka 2019 mafahali hao wawili walikuwa wakipigania hataza, kaseti za LTO-8 zikaadimika dunia nzima, na nyasi tulikuwa sisi. Isitoshe, mashine ya LTO-8 inasoma LTO-7 na kuishia hapo. Ukiwa na sanduku la LTO-6 lazima utunze mashine ya zamani, na kumwomba Mungu aipe afya.

Utumwa mbaya zaidi uko kwenye programu. Muuzaji mmoja, nitamstahi, alituletea profoma ya leseni ambayo kazi yake pekee ilikuwa kusoma kanda tulizoandika sisi wenyewe, kwa programu yake tuliyokuwa tumeilipia, kabla hajabadilisha utaratibu wa leseni. Tangu hapo kilicho muhimu nakiandika kwa tar, iliyotoka na Unix ya mwaka 1979, au kwa LTFS, ambayo tangu 2010 inaifanya kaseti ifunguke kama flashi. Ni za bure, hazina mtu wa mauzo, na hakuna anayenitumia kalenda mwisho wa mwaka. Kalenda nanunua.

Kuhusu hewa, kanda ni mkaidi aliyelelewa kitajiri. Watengenezaji wanataka unyevu wa wastani kwa hifadhi ya muda mrefu, asilimia 20 hadi 50. Hewa ya Dar es Salaam inacheka ikisikia hivyo. Kwa hiyo kabati la kanda ndilo lenye kiyoyozi kizuri kuliko vyote kwenye jengo, na mwezi wa pili utashangaa maofisa wangapi wanakuja kuniuliza hali ya bakapu. Nakala ya pili inakaa mtaa mwingine, kwenye sefu, kwa sababu moto hausomi kiswichi.

Kuna na jambo la lebo. Nilirithi rafu iliyokuwa na kaseti zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito MUHIMU, nyingine MUHIMU SANA, na moja, ya juu kabisa, MUHIMU SANA MWISHO. Hakuna tarehe. Hiyo ya mwisho ilikuwa tupu. Simlaumu aliyeandika; alikuwa na imani, na imani ndiyo bakapu ya ofisi nyingi. Mimi kila robo mwaka nachomoa kaseti bila kuchagua, naisoma yote kwenye seva ya majaribio, nafungua mafaili. Wakati huo mashine inaunguruma mpaka jioni, na wapita njia wanauliza kama imeharibika.

Mwezi huu tumepokea mashine ya LTO-9. Kaseti yake mpya ina adabu ya pekee: ukiiingiza kwa mara ya kwanza haikubali kuandikwa kitu mpaka mashine imalize kuupima utepe, kazi inayoweza kufika saa 2. Mhasibu alikuja kushuhudia alichokilipia, akasimama, akatazama taa ikiwakawaka, akaniuliza kama hakuna namna ya kuiharakisha. Nikamwambia hakuna, na kwamba kwenye profoma ukaidi huo ndio uliokuwa na bei kubwa.