Jinsi ya Kusikika Fundi wa Gita kwa Sarafu Moja

Ndugu yangu, vidole bado vizito na onesho ni Jumamosi. Usihangaike. Weka kando piki ya plastiki, shika ya chuma. Plastiki hupinda kabla ya kuuachia uzi. Chuma hakipindi, kwa hiyo kila noti inatoka kali, imekatwa sawasawa, inapenya ngoma na besi. Watu watadhani ni mkono wako. Waache wadhani.

1. Anza na sarafu. Brian May, mpiga solo wa Queen, bendi ya Freddie Mercury mzaliwa wa Zanzibar, hupigia peni sita ya zamani ya Uingereza, sarafu iliyoondolewa kwenye matumizi mwaka 1980. Akitokea mjuaji wa kukuuliza kwa nini unapiga gita kwa hela, mtajie jina hilo, kisha endelea kupiga.

2. Usiokote sarafu yoyote. Peni sita za kuanzia 1947 ni shaba iliyochanganywa na nikeli, laini kuliko uzi wa chuma cha pua, hivyo inayolika ni sarafu, nyuzi zinabaki salama. Isogeze yako kwenye sumaku za gita. Ikivutwa, lipia nauli ya daladala: hiyo itakutafunia nyuzi, na ukiipitisha karibu na sumaku spika zitapiga kelele usizoziomba.

3. Hapa ndipo penye utamu, tuliza akili. Ukingo wa peni sita una meno madogo. Ukiilaza sarafu sambamba na uzi, sauti inakuwa laini. Igeuze kidogo, meno yaukwaruze uzi, na kila noti itaanza na ukali mithili ya sauti ya mwimbaji aliyekesha. Noti tatu za namna hiyo, zikipigwa taratibu, zinamshinda kijana anayemwaga noti mia. Basi piga tatu! Funga macho ukipenda. Lakini ishike kwa ulegevu, kati ya gumba na kidole cha shahada. Kwa kuwa sarafu haipindi, vidole ndivyo vinavyopaswa kukubali. Ukiibana, itanasa kwenye uzi na siri itafichuka.

4. Mwombe fundi mitambo apunguze trebo, maana chuma hakimfichi mtu. Nyuzi usizozipiga zitulize kwa kiganja. Halafu washa eko: noti moja inarudi, wewe unapiga ya pili juu yake, na ukumbi unasikia magita mawili. May alifanya hivyo kwenye “Brighton Rock” ya mwaka 1974, nawe huna sababu ya kuona haya.

5. Ukisahau wimbo katikati, kwangua uzi mnene kutoka kwenye daraja hadi shingoni. Kwa chuma unalia vizuri mno, na huhitaji kordi hata moja. Mara moja tu kwa usiku. Mara ya pili wapiga gita wenzako watakushtukia.

6. Wakati wa picha, inua mkono taa ziipate sarafu. Chuma kitakwaruza rangi ya gita chini ya nyuzi, na michubuko hiyo iache, inakuongezea miaka ya uzoefu. Kama gita ni la kuazima, bandika plastiki ngumu kwanza.