Utukufu wa Njiti Kumi na Tatu

Miongoni mwa mambo yanayochelewesha chakula cha jioni bila kumletea mwenye nyumba faida yoyote, hakuna linalostahili sifa kama chemshabongo ya njiti za kiberiti, yaani mchezo ambao njiti hupangwa mezani kuwa mlinganyo wa namba za Kirumi, mlinganyo wenyewe ukawa wa uongo, na mchezaji akatakiwa kuusahihisha kwa kuhamisha njiti moja tu.

Nasaba yake ni ya heshima, hasa Lubaga, kilima cha Kampala kilichozoea namba hizo katika majina ya wakubwa. Papa Paulo VI alifika katika kanisa kuu la hapo mwaka 1969. Njiti iliyo kulia kwa V ikihamishiwa kushoto, hupatikana Paulo IV, aliyefariki mwaka 1559, na Kanisa zima hurudi nyuma zaidi ya miaka 400 bila nauli. Kabaka Mutesa II naye, akinyang'anywa njiti moja, humpisha Mutesa I, baba wa babu yake, aliyewahi kuweka makao Lubaga; na kumwondoa Mutesa II ni kazi ambayo mwaka 1966 ilihitaji jeshi.

Uadilifu wake unaonekana katika IV = III + III. Kwa kuwa I hupunguza ikitangulia V na huongeza ikiifuata, njiti ya kwanza ikivushwa tu, nne huwa sita, na hesabu ikakaa sawa kwa njiti 13 zilezile, bila mhasibu kuomba fungu la nyongeza.

Ujanja wake haupungui ujanja wa mawakili. Katika VII = I, njiti ya mwisho hulazwa juu ya jirani yake, V ikageuka alama ya kipeuo cha pili, yaani namba inayozidishwa kwa yenyewe kuleta ile iliyo chini ya alama; na kwa kuwa kipeuo cha moja ni moja, anayelalamika huambiwa kwamba hakuna sheria iliyokataza.

Lakini fadhila yake kuu imo katika XI + I = X, ambao haudai njiti yoyote iguswe: aliyeketi upande huu huona kosa, aliyeketi ng'ambo ya meza husoma X = I + IX, na kesi humalizika mara mlalamikaji anapokubali kwenda kukaa kwenye kiti cha mshtakiwa.